Serivisi kumi za Jumanne: shajara ya timu ya voliboli ya watoto, Katuba

Ninaiandika shajara hii kwa ajili ya kochi yeyote mwenye mipira miwili, watoto wengi na kiwanja cha udongo. Sisi tuko Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Watoto ni 14, wasichana 9 na wavulana 5, wa miaka 12 hadi 15. Majina yao sitayaandika. Kila mmoja namtaja kwa namba ya jezi yake. Tunakutana Jumanne na Alhamisi baada ya shule, na Jumamosi asubuhi. Lengo la kiangazi hiki: kila mtoto apige serivisi ya juu (kuanzisha mchezo kwa kugonga mpira juu ya kichwa), mpira uvuke wavu na kuangukia ndani, na aweze kupokea kwa mansheti, yaani kwa mikono miwili iliyonyooshwa na kuunganishwa. Gharama naziandika kwa dola. Mwaka huo wa 2024 dola moja ilizunguka kwenye franka 2,800.

4 Mei 2024. Kiwanja

Tumepewa sehemu nyuma ya kanisa, yenye mashimo yaliyochimbwa na mvua. Tulijaza udongo wa kichuguu, ule ule tunaofyatulia matofali, tukaumwagia maji na kuushindilia. Baada ya siku nne za jua ukapasuka kila mahali. Tuliuvunja tena, tukachanganya ndoo moja ya mchanga kwa ndoo tatu za udongo, na sasa umeshika. Udongo na pusupusu (mkokoteni) ya kuubeba: dola 6. Mchanga: 4.

Milingoti ya kwanza ilikuwa ya mikaratusi, dola 4, na hizo zimepotea. Tulipokaza wavu iliinama kwa ndani, katikati wavu ukalegea karibu sentimita 20. Usinunue miti. Mabomba mawili ya chuma, dola 24, mfuko wa saruji 13, fundi wa kuchomelea 10. Fundi huyo alinipa wazo ambalo sikulilipia: kuweka ndoano kwenye bomba kila baada ya sentimita 5, ili wavu upande na kushuka. Ndoano hizo zimenisaidia kuliko kitu kingine chochote tulichonunua. Wavu wenyewe ni wa kuvulia samaki, wa zamani, tuliokata na kushonea kamba: 8, na kamba 2. Mistari ya majivu ya makala iliondoka na upepo siku ile ile. Sasa ni vipande vya mpira wa ndani wa tairi la lori, vimepigiliwa misumari mirefu ambayo vichwa vyake vimezama chini ya udongo. Dola 1. Mipira miwili: 30.

Jumla hadi leo dola 102. Wazazi walichanga 40, nyingine nimetoa mfukoni.

18 Mei. Maneno mengi

Wiki mbili za kwanza nimefundisha kwa mdomo. Mguu wa kushoto mbele. Mpira usawa wa bega. Kiwiko juu. Rusha. Hamisha uzito kutoka mguu wa nyuma. Kaza kiganja. Macho yasitoke kwenye mpira. Maagizo saba kwa mpira mmoja, na mpira ule hauna hata sekunde mbili hewani. Namba 7 aliniambia kwa adabu yote: «Ba kochi, munasema bintu mingi. Nifwate gani?»

Alikuwa na haki. Nimeyafuta yote saba na kubakiza mfano mmoja. Hapa mtaani karibu kila parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ina mwembe, na hakuna mtoto asiyejua kuangusha embe kwa jiwe. Niliwaambia: «Wavu ni tawi, embe liko nyuma yake. Rusha mkono kama unaliangusha.» Viwiko vilivyokuwa vimeganda ubavuni vikapanda vyenyewe, bega likarudi nyuma, mguu ukasogea bila mimi kuutaja. Mfano mmoja anaoujua mtoto umebeba maagizo manne. Aliyeukosa ni namba 12 peke yake, mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya ghorofa mjini. Kwake nilitumia mfano wa kupiga kofi ukutani juu ya kichwa.

Kosa jingine la wiki hizi: nilionyesha serivisi nikiwa nimewatazama usoni. Nusu yao waliiga mguu wa upande usio wao, kama wanavyojiona kwenye kioo. Sasa naonyesha nikiwapa mgongo. Na mara nyingi haonyeshi kochi, anaonyesha mtoto ambaye bado anakosea kidogo. Wenzake wanamwangalia kwa makini zaidi, kwa sababu wanaona akirekebisha kosa ambalo na wao wanalo.

1 Juni. Wavu na mkono

Wavu niliuweka mita 2.24, kipimo cha wanawake wakubwa, nikidhani ni vizuri wazoee mapema. Watoto walianza kupinda mgongo na kuusukuma mpira juu angani ili tu uvuke. Nilikuwa nawafundisha kosa kwa kutumia kipimo sahihi. Tumeshusha hadi 2.00, na migongo imenyooka siku ile ile. Tutapanda ndoano moja moja.

Jambo la pili ni zito zaidi. Namba 9 mkono wake ulikuwa unapita chini ya mpira kila mara. Nikamshika kifundo na kiwiko, nikaupeleka mkono wake kwenye njia sawa, mara kumi na mbili mfululizo. Nikiwa nimemshika, mpira ulivuka. Nilipomwachia, mkono ulirudi kule kule. Nguvu ilikuwa yangu na muda wa kugonga ulikuwa wangu, kwa hiyo mwili wake haukuwa na kitu cha kujifunza. Kushika mkono kunaweza kumwonyesha mtoto mahali mkono unapopita, mara moja au mbili, au kumtoa hofu. Zaidi ya hapo unamfanyia kazi yake.

Siku mbili baadaye mama yake alikuja kuniuliza, kwa heshima, kwa nini ninawashika wasichana mikono. Nilimshukuru na kumweleza. Tumekubaliana na wazazi wote: kochi hagusi mtoto bila kumwomba ruhusa mbele ya wengine, na dada mmoja aliyewahi kucheza voliboli anakuwepo kila mazoezi. Ningepaswa kuwa nimepanga hivyo tangu siku ya kwanza.

Badala ya mkono wangu tumefunga kamba mita moja juu ya wavu. Agizo ni moja: mpira upite kati ya wavu na kamba. Sisemi tena neno juu ya kiwiko. Namba 9 alipopewa dirisha la kulenga, mkono wake ulijitafutia njia. Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza miendo, na wenzake wameonyesha tangu mwaka 1998 kwamba anayejifunza hufanya vizuri zaidi akiwaza matokeo ya mwendo wake kuliko akiwaza viungo vyake. Nilikuwa nimeyasoma, lakini sikuyaamini hadi nilipoona kamba ile.

15 Juni. Kurusha peke yake

Kosa la wiki nzima, nisingependa mtu alirudie. Niliona serivisi nyingi zinaharibika kwenye kurusha: mpira unaenda nyuma ya kichwa au mbali mbele. Nikaamua kuutenga mwendo huo. Mazoezi matatu tulirusha tu, bila kugonga, mpira ukiangukia ndani ya duara la mpira wa tairi chini. Kufikia Alhamisi walirusha vizuri sana. Jumamosi tukaunganisha na kugonga, na yote yakavunjika, mabaya kuliko mwanzo.

Nilikaa na daftari nikifikiri. Ukirusha bila kugonga unarusha kwa namna nyingine: juu zaidi, taratibu zaidi, mwili umesimama. Mkono unaogonga huanza safari yake wakati mpira bado unapanda. Vitu hivyo viwili vina mapigo ya pamoja, na ukivitenganisha kila kimoja kinajifunza mapigo yake. Kuna ujuzi unaokatika vipande bila madhara, kama hatua za kukimbilia mpira na kisha mansheti. Serivisi haikatiki hivyo. Ukitaka kuirahisisha, ifanye ndogo ikiwa nzima: tumesogea hadi mita 6 kutoka kwenye wavu, mwendo mzima, nguvu kidogo. Anayepitisha tatu kati ya tano anarudi hatua moja nyuma.

25 Juni. Jumanne inasema kitu kingine

Hii ndiyo tarehe iliyogeuza mradi.

Jumamosi tarehe 22 kila mtoto alipiga serivisi 40 mfululizo kutoka mita 8, wavu ukiwa 2.10. Kumi za mwisho nilizihesabu: 91 kati ya 140 ziliangukia ndani. Tulirudi nyumbani tukiimba. Leo Jumanne, baada ya kupasha mwili tu, kabla ya kufundisha neno lolote, niliwaomba kumi kila mmoja kutoka mstari ule ule. 52.

Namba 3, ambaye Jumamosi alipitisha tisa, leo amepitisha nne. «Siku ya posho niliweza, leo mukono inakatala,» alisema, akimaanisha Jumamosi, na machozi yalikuwa karibu. Nilimwambia mkono wake hauna kosa, tuangalie nilivyomfundisha.

Tulirudia vile vile wiki moja zaidi ili niwe na uhakika. Jumamosi tarehe 29: 97. Jumanne tarehe 2 Julai: 55. Wiki nzima ya jasho, na Jumanne imepanda tatu tu.

Nilichokuwa napima Jumamosi ni joto la mkono. Mtoto anapopiga 40 mfululizo, mpira wa pili anaurekebisha kwa kumbukumbu ya wa kwanza, na wa tatu kwa wa pili. Hahitaji kufikiri upya. Kwenye mechi hakuna mpira wa pili mfululizo: unapiga serivisi, unaingia, unapokea, unazunguka, na inaporudi zamu yako dakika zimepita. Tangu hapo kipimo chetu ni Jumanne tu. Serivisi kumi, kila mtoto, mita 8, wavu 2.10, bila ushauri. Hesabu ya Jumamosi siiandiki tena mbele ya watoto.

6 Julai. Kuchanganya

Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka 8 mifuko midogo ya maharagwe wairushe kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa futi 3 tu. Jingine lilirusha futi 2 na futi 4, likiwa halijawahi kugusa futi 3. Walipopimwa kwa futi 3, waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuizoea. Mwaka uliofuata watafiti wengine, Shea na Morgan, walikuta jambo linalofanana na hilo kwa watu wazima: waliojifunza miendo mitatu kwa kuichanganya walionekana wabaya wakati wa mazoezi, lakini baada ya siku kumi walikumbuka vizuri kuliko waliojifunza mmoja mmoja.

Nikaamua tujaribu hivyo hivyo kwa udongo wetu. Mstari wa mita 8 tumeufunga. Unafunguliwa Jumanne peke yake. Mazoezini tunapiga kutoka 6, 7 na 9, na hakuna anayepiga mara mbili mfululizo mahali pamoja. Serivisi moja, kisha mansheti mbili, kisha pasi, kisha serivisi kutoka mstari mwingine.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Mipira ilikwenda kwa majirani. Dada msaidizi aliniita pembeni akaniambia ninawarudisha nyuma, na watoto wawili waliuliza lini tutarudi kwenye «mazoezi ya kweli». Nilihesabu kumi za mwisho kwa siri kutoka mita 7: 61. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumanne tarehe 9: 58. Kidogo tu juu ya 55. Tarehe 16: 66. Hapo dada msaidizi alishika daftari mwenyewe na kuhesabu tena mistari yangu ya kalamu.

Lakini kuchanganya hakumfai kila mtu kila siku. Namba 12, ambaye bado alikuwa hajui mpira unagongwa wapi, alizama kabisa; kila zamu alianza sifuri. Nilimtoa kwenye mchanganyiko kwa wiki moja na nusu, akapiga serivisi moja, mahali pamoja, mita 6, hadi mwendo ukawa na umbo. Kisha akarudi. Kuchanganya kunamnoa aliye tayari na kitu mkononi. Asiye na kitu kwanza apewe.

18 Julai. Vifuniko

Baridi ya asubuhi, vumbi, na mdomo wangu umerudia tabia yake. Dada msaidizi alinihesabia bila kuniambia: katika nusu saa nilisema maneno ya kurekebisha mara 64. Watoto walikuwa wamezoea kugonga na kugeuza kichwa kunitazama, hata kabla mpira haujaanguka. Walisubiri nione badala ya kuona wenyewe. Jumanne nikinyamaza wanakuwa kama wamefungwa macho.

Dawa yetu ni vifuniko vya soda. Kila mtoto anapata vitatu mwanzoni mwa mazoezi. Akitaka neno langu analinunua kwa kifuniko, na kabla sijajibu ananiambia yeye ameona nini. Vikiisha vimeisha. Mimi nami nina vitatu vya kusema bila kuombwa, kwa timu nzima. Jambo la usalama halilipiwi.

Namba 2 alimaliza vyake ndani ya dakika kumi na akalalamika. Alhamisi iliyofuata alitunza kimoja hadi mwisho, na swali lake lilikuwa swali la mchezaji: «Mupira inazunguka, njo maana inatoka inje?» Ndiyo. Alikuwa anagonga ubavuni. Nisingemwambia vizuri kuliko alivyojiambia.

Shida ilikuwa namba 4. Ni mpole, haombi kitu kwa mtu mzima. Mazoezi mawili aliniletea vifuniko vyote vitatu mwisho, vizima. Nilidhani anaelewa, kumbe alikuwa amekosea mguu siku zote hizo. Sasa kwa yeye na wengine wawili kuna sharti: kifuniko kimoja lazima kitumike kabla ya mapumziko. Ukiwaachia watoto waombe, wanaonyamaza ndio wanaoachwa.

Tarehe 23: 74.

6 Agosti. Baada ya Siku ya Wazazi

Alhamisi tarehe 1 hakukuwa na mazoezi. Asubuhi watu wako makaburini wakisafisha, mchana ni sherehe nyumbani. Jumamosi nayo tuliiacha, watoto wengi walikuwa kwa jamaa. Kwa hiyo leo wamerudi wakiwa na wiki nzima bila kugusa mpira. Niliogopa. 79.

Sina la kuongeza hapo. Namba 3 amepitisha saba. Mei nilikuwa natoa pongezi kila mpira. Leo nilimwonyesha tu daftari, akacheka hadi akakaa chini.

Mpira mmoja umepasuka mshono kwa udongo huu. Fundi viatu ameushona, franka 2,800, na umedumu siku tisa. Mpya dola 15. Jumla sasa 118.

20 Agosti. Upepo

63. Nilianza kutafuta kosa kwenye mazoezi ya wiki iliyopita, nikafuta nusu ya mpango, kisha dada msaidizi akaniuliza kwa nini jezi kwenye kamba ya jirani zimesimama. Upepo wa Agosti, mchana, ulikuwa unavuma moja kwa moja usoni mwa wapigaji, na kipimo chetu siku zote kimepigwa kutoka upande mmoja. Tumepima tena Alhamisi, tano kutoka kila upande, na ndivyo tutakavyopima kila mara. Atakayeiga shajara hii aanze hivyo tangu Jumanne ya kwanza.

Upepo wenyewe umefundisha kitu. Nilikuwa nadai mikono yote 14 ifanane. Nikolai Bernstein, mtafiti wa miendo ya mwili, kule Moscow miaka ya 1920, alipiga picha za wahunzi wakigonga: ncha ya nyundo ilirudi mahali pale pale, lakini bega, kiwiko na kifundo vilibadilika kila pigo, kimoja kikifidia kingine. Watoto wangu walifanya hivyo kwenye upepo bila kufundishwa. Namba 9 alishusha mpira wake karibu na wavu, namba 6 akarusha chini zaidi ili upepo usiuguse muda mrefu. Kama ningewalazimisha umbo moja, wasingekuwa na la kubadilisha.

Tarehe 27, pande zote mbili: 88.

7 Septemba. Mechi

Shule zimefunguliwa tangu Jumatatu. Leo tumecheza na timu kutoka Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), seti mbili za pointi 25, wavu 2.15, serivisi kutoka mita 9. Tumepoteza zote mbili, 25 kwa 19 na 25 kwa 22. Serivisi zetu ziliingia. Dada msaidizi ameandika makosa tisa tu kwa seti zote. Tulipoangukia ni mapokezi. Mansheti tumezifanya kiangazi kizima kwa mpira wa kurushwa na mwenzako kwa mkono, mita nne mbele, polepole. Mpira wa serivisi ya kweli unakuja kutoka mbali, unayumba, na mpokeaji lazima aamue mapema kama ni wake au wa jirani. Watoto walisimama wakitazamana. Sikuwahi kuwapa uamuzi ule mazoezini hata mara moja, nao hawakuweza kuutoa kwenye mechi. Kosa ni langu, na nimewaambia hivyo kabla hawajapanda taksi-basi.

Mpango wa wiki nne kabla mvua haijaanza: hakuna tena mansheti ya mpira wa kurushwa, isipokuwa kwa namba 12. Kila pokezi litoke kwenye serivisi halisi, mita 6 kwanza, wapokeaji wawili upande mmoja, na anayeuchukua aite «yangu» kabla mpira haujavuka wavu. Tutaanzia hapo.

Jumanne tarehe 10 ni serivisi kumi kila mmoja, tano kila upande, kabla ya kitu kingine, na mstari mpya wa pili kwenye daftari kwa mapokezi kumi. Namba 9 ndiye atakayeshika kalamu.